Kipato Kisicho na Siku: Pesa na Utulivu wa Moyo Nairobi

Mwenyekiti, waweka hazina na makatibu wa vyama vya kuweka akiba mliotoka mitaa ya Mukuru, Kayole, Kibra, Kawangware, Githurai na Umoja: asanteni kwa kuiacha Jumamosi ya biashara mkaja kuketi hapa.

Swali mliloleta ni kama pesa huleta furaha. Jibu ni ndiyo, huleta, na tusidanganyane. Tuna misemo mingi ya kumfariji asiye nacho, na kuna wageni wanaopiga picha za watoto wa mtaa wa mabanda wakicheka kisha wakaandika kwamba watu hawa hawana kitu lakini wana raha. Takwimu hazisemi hivyo. Shirika la Gallup huwauliza watu wa nchi zaidi ya 100 swali hili: fikiria ngazi yenye vipandio kuanzia 0 chini hadi 10 juu, cha juu kabisa ni maisha mazuri kuliko yote unayoweza kuwa nayo, cha chini kabisa ni mabaya kuliko yote, leo umesimama wapi? Majibu hayo ndiyo hutumika katika orodha ya nchi zenye furaha inayotolewa kila mwaka. Finland imeiongoza tangu 2018. Sisi Wakenya tumekuwa tukijiweka kwenye 4 na pointi kadhaa, chini ya katikati. Na ndani ya nchi yoyote ile, walio na kipato kikubwa hujiweka juu ya walio na kidogo. Umaskini unauma na wanaouishi wanajua kwamba unauma.

Lakini angalieni namna mtu anavyopanda hiyo ngazi. Kupanda hakutegemei umeongezewa shilingi ngapi. Kunategemea zimezidisha ulichokuwa nacho mara ngapi. Anayetoka 15,000 kwa mwezi akafika 30,000 hupanda karibu sawa na anayetoka 150,000 akafika 300,000. Kwa hiyo shilingi 1,000 ikimtoka mama anayefua nguo Kayole kwa 15,000 kwa mwezi, karibu asilimia 7 ya mwezi wake imekwenda. Ikimtoka meneja wa Upper Hill mwenye 150,000, haijafika hata asilimia 1. Chama kinachotoza faini ya 200 kwa kila aliyechelewa mkutano kinadhani kimewatendea wote sawa. Hakijafanya hivyo, na anayekasirika kimyakimya pale nyuma ana hesabu yake.

Kuna mabishano maarufu ya wasomi kuhusu mahali ambapo pesa huacha kuongeza raha. Daniel Kahneman na Angus Deaton walisema mwaka 2010 kwamba Marekani raha ya siku kwa siku husimama mtu akifika dola 75,000 hivi kwa mwaka. Matthew Killingsworth akaja 2021 na data iliyoonyesha kwamba haisimami. Mwaka 2023 Kahneman na Killingsworth walitoa kazi ya pamoja: kwa watu wengi inaendelea kupanda, na kusimama kule kunaonekana kwa wale tu wasio na furaha kabisa. Ni mabishano mazuri, ila ni ya watu wenye dola 75,000. Hapa ndani tuyaache.

Yanayotuhusu zaidi ni ya Richard Easterlin, mchumi aliyeonyesha mwaka 1974 kwamba nchi inaweza kutajirika kwa miaka mingi bila watu wake kujisikia bora zaidi. Wasomi bado wanamkosoa, lakini kwetu dalili zake si ngumu kuziona. Uchumi wa Kenya ulikua kwa asilimia 4.7 mwaka 2024. Nani kati yenu aliiona hiyo 4.7 sokoni Gikomba? Pato la taifa ni jumla. Halisemi limeingia mfuko wa nani, wala limeingia tarehe ngapi.

Tarehe ndiyo ninayotaka tuikalie leo.

Chukueni watu wawili wanaopata 240,000 kwa mwaka. Mmoja ni karani anayepokea 20,000 kila tarehe 28. Mwingine ni fundi wa rangi. Februari anapata 42,000, Machi 31,000, Aprili mvua inanyesha, mjengo unasimama, anaambulia 6,000, Mei 9,000, Juni kazi zinarudi. Kwa mwaka wako sawa. Ukiwauliza kipandio, hawako sawa. Landilodi anataka 5,000 kila tarehe 5, naye hajali kama Februari ilikuwa nzuri. Utafiti wa shajara za kifedha uliofanywa Kenya na shirika la FSD Kenya kati ya 2012 na 2013, ambapo familia karibu 300 zilifuatiliwa shilingi kwa shilingi, ulionyesha kwamba mapato ya nyumba nyingi hupanda na kushuka vikali mwezi hadi mwezi. Familia zile hazikuwa zikikaa tu na kuteseka. Zilikuwa na chama, akiba ya kibuyu, mkopo wa duka, deni la jirani, pesa kwa simu, vyote kwa pamoja, ili kuvuka mabonde hayo. Kuvuka kwenyewe ni kazi, tena kazi isiyolipwa.

Kazi hiyo inamgharimu mtu wapi? Kwanza akilini. Mwaka 2013 watafiti akina Anandi Mani na Sendhil Mullainathan walitoa matokeo ya wakulima 464 wa miwa kutoka Tamil Nadu, India. Wakulima hao hulipwa mara moja, baada ya mavuno. Walipimwa uwezo wa kufikiri kabla ya mavuno, mfuko ukiwa mtupu, kisha baada ya kulipwa. Ni watu walewale, na walifanya vibaya zaidi kabla ya malipo. Elimu yao haikuwa imebadilika. Kichwa kilikuwa na mzigo mwingine. Kwa hiyo mwanachama wako anaposahau mkutano, anapojaza fomu vibaya au anapomfokea mtoto tarehe 3 ya mwezi, usikimbilie kusema hana nidhamu. Angalia kalenda.

Pili, mwilini. Hapa tuna ushahidi wa nyumbani. Kati ya 2011 na 2012, katika eneo la Rarieda, Siaya, shirika la GiveDirectly liliwapa watu pesa kupitia simu bila masharti, na Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro wakapima kilichofuata. Wengine walipata 25,200, wengine 95,200. Baadhi walipewa kwa mkupuo, baadhi kidogokidogo kwa miezi tisa. Waliopokea walikula vizuri zaidi, wakawa na raha zaidi na msongo mdogo. Matumizi ya pombe na sigara hayakuongezeka, jambo ambalo ningeomba liandikwe ukutani katika ofisi zinazogawa misaada. Walipima pia kotisoli, homoni ya msongo inayopatikana kwenye mate. Haikushuka kwa wastani wa wote. Ilikuwa chini kwa waliopata fungu kubwa kuliko kwa waliopata dogo.

Kwenu waweka hazina, matokeo ya maana zaidi ni haya: waliolipwa kila mwezi walikuwa na uhakika zaidi wa chakula, na waliolipwa kwa mkupuo walinunua vitu vya kudumu, kama mabati. Fedha ileile, ikija kwa mtindo tofauti, inafanya kazi tofauti. Vyama vyetu vingi vya mzunguko vinafanya kazi moja tu kati ya hizo mbili. Vinatoa fungu: zamu yako ikifika unabeba 40,000, unanunua friji au unamalizia karo. Ni jambo jema. Lakini zamu yako iko Oktoba na mtoto anaugua Mei. Mzunguko haumsaidii mtu wa Mei.

Tatu, bonde lina bei yake. Asiye na pesa leo hununua kidogo, na kidogo ni ghali. Maji ni mfano ulio wazi. Lita 1,000 ni mitungi 50 ya lita 20. Mtungi ukiwa shilingi 5, unalipa 250 kwa lita hizo 1,000. Siku ambayo mfereji umekauka na mtungi unauzwa 20, unalipa 1,000. Aliye na bomba la kampuni ya maji ndani ya nyumba yake Kileleshwa hulipa sehemu ndogo tu ya hiyo. Hesabu hiyo ifanyeni kwa mafuta ya kupikia ya kupimiwa, makaa ya mkebe na sukari ya karatasi. Kila mtu hapa anaijua kadogo. Kinachosahaulika ni kwamba kadogo haitokani na kutojua hesabu. Mama mboga anajua vizuri kwamba lita nzima ni nafuu. Hana bei ya lita nzima saa kumi na mbili jioni, na chakula ni cha saa moja.

Bei ya nne ni deni, na hapo nitachelewa kidogo.

Mkopo wa simu unaotozwa asilimia 7.5 kwa siku 30, kiwango ambacho M-Shwari ilianza nacho mwaka 2012, unaonekana mdogo. Ukikopa 5,000 unarudisha 5,375. Tatizo ni kwamba bonde halijai kwa siku 30. Unalipa, mfuko unabaki mtupu, unakopa tena kesho yake. Ukizungusha hivyo miezi kumi na miwili, umelipa 4,500 kwa sababu ya 5,000 ileile: asilimia 90 kwa mwaka. Mkopo wa sacco, yaani ushirika wa akiba na mikopo, wa asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua unaanza na riba ya shilingi 50 kwa 5,000 hiyo, kisha inashuka unavyolipa. Tofauti hiyo peke yake ni karo ya mtu.

Fuliza, huduma ya M-Pesa inayokukopesha pale salio lako lisipotosha malipo, iliyoanza 2019, ina tabia nyingine ambayo lazima mwanachama aielewe kabla ya kuigusa: pesa yoyote inayoingia kwenye laini hukatwa deni kwanza. Mtu anatumiwa 1,500 ya kibarua, anaona ujumbe, akifungua anakuta 300. Kimahesabu hajaonewa, alikuwa na deni. Ila alishaipangia ile 1,500 matumizi, na kuipoteza kabla hajaishika kunauma kuliko kuilipa kwa mkono wake. Na wateja wakilipa kwa laini hiyohiyo, mtaji wa kesho asubuhi soko la Wakulima umekwenda usiku. Ushauri wangu ni rahisi: mwenye biashara atenganishe till, namba ya kupokelea malipo ya biashara, na laini anayofulizia.

Shailoki, mkopeshaji wa mtaani anayeshika kitambulisho na kadi ya ATM sitamzungumzia sana. Mnamjua. Asilimia 20 kwa mwezi, na aibu mlangoni.

Kamari niitaje kwa sentensi chache, kwa sababu vijana wengi huiita njia ya kutoka bondeni. Mkeka, yaani dau moja, wa mechi kumi, kila mechi ikiwa na uwezekano wa asilimia 70 wa kwenda unavyotaka, hufaulu kwa asilimia 2.8 tu, zidisheni 0.7 mara kumi muone. Mechi moja tu inatosha kuuchana, ndiyo maana mtu huamini kwamba alikaribia.

Sasa bei za bidhaa. Oktoba 2022 mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.6 kwa mwaka, na wa chakula pekee ulikuwa asilimia 15.8. Unga wa kilo mbili ulikuwa umeshavuka 200 mwaka huohuo. Katika kapu la bidhaa ambalo Shirika la Takwimu la Taifa, KNBS, hulitumia kupima bei, chakula kina uzito wa karibu theluthi moja. Nyumba inayotumia nusu ya pesa yake kwa chakula haiishi ndani ya kapu hilo: nusu ya 15.8 ni 7.9, kwa hiyo chakula peke yake kiliwapandishia maisha kwa karibu asilimia 8, kabla ya nauli, mafuta taa na kodi. Mtu kama huyo akisikia redioni kwamba mfumuko ni 9.6, anahisi anadanganywa. Hadanganywi, ila kapu lile si lake. KNBS yenyewe hutoa hesabu tofauti kwa wakazi wa Nairobi wa kipato cha chini, cha kati na cha juu. Hiyo ya chini ndiyo chama kingepaswa kuitumia kinapopanga mchango wa mwaka.

Hata hivyo, kati ya bei kupanda na kazi kupotea, kazi inauma zaidi. Rafael Di Tella, Robert MacCulloch na Andrew Oswald walipima nchi 12 za Ulaya, wakakuta mwaka 2001 kwamba ukosefu wa kazi ukiongezeka kwa pointi moja, huwapunguzia watu raha sawa na mfumuko wa bei ukiongezeka kwa pointi 1.7. Na maumivu ya aliyefutwa yanazidi mshahara aliokosa. Katika kijiji cha Marienthal, Austria, kiwanda cha nguo kilifungwa karibu na 1930 na karibu kijiji kizima kikakosa kazi. Watafiti akina Marie Jahoda walienda kuwachunguza huko. Wanaume walikuwa na muda wote wa dunia, lakini wakaazima vitabu vichache kuliko zamani maktabani na wakatembea polepole zaidi barabarani. Muda usio na shughuli hauwi mapumziko. Kazi ilikuwa ikiwapa pia saa ya kuamka, watu wa kusalimiana nao na jina la kuitwa.

Hapo nina ugomvi na katiba za vyama vyetu. Nyingi zinasema hivi: mwanachama asipochanga miezi mitatu mfululizo, anaondolewa na hisa zake zinakatwa faini. Nani hukosa kuchanga miezi mitatu? Aliyefutwa kazi Industrial Area. Aliyelazwa. Tunamtoa mtu kwenye kundi wiki ileile ambayo kundi ndilo lililobaki. Wekeni kifungu cha likizo ya mchango: hadi miezi mitatu, mara moja ndani ya miezi 24, bila faini, hisa zikikaa palepale, kwa sharti moja kwamba aendelee kuhudhuria. Mpeni na shughuli: aandike kumbukumbu za mkutano, afuatilie mkaguzi wa hesabu, apange ukumbi. Vyama vinaogopa kwamba kila mtu ataomba likizo. Sharti la kuhudhuria huwachuja wanaotaka kukimbia, maana anayekimbia haji mkutanoni.

Tuingie kwenye mfuko wa dharura, ambao ndio wengi mliuandikia daftari. Tuseme wanachama 20, kila mmoja 100 kwa wiki mbali na mchango wa kawaida. Kwa wiki ni 2,000, kwa miezi sita 52,000. Msianze kukopesha kabla ya miezi sita. Baada ya hapo, mtu mmoja aweze kuchukua hadi 4,000, bila riba, arudishe 500 kwa wiki kwa wiki nane. Mikopo iliyo nje isizidi theluthi moja ya mfuko kwa wakati mmoja; kwa 52,000 hiyo ni watu wanne. Mbona kiwango kidogo hivyo? Kwa sababu dharura nyingi za nyumbani ni za ukubwa huo: dawa, kodi iliyopungua, nauli ya msiba. Cha kuziba ni lile shimo linalompeleka mtu kwenye mkopo wa simu. Jengo la hospitali ni hadithi nyingine.

Mfuko huu huharibika kwa njia zinazojulikana. Ya kwanza ni kuuchanganya na pesa za mzunguko. Mwezi ambao mmoja amechelewa kuchanga, mweka hazina mwenye huruma anaazima upande wa pili, na baada ya mara tatu hakuna anayejua kipi ni kipi. Akaunti mbili, daftari mbili. Ya pili ni Desemba. Chama kinagawana kila kitu tarehe 15, watu wanaenda nyumbani na mafuta ya kupikia na unga wa ngano, halafu Januari inaingia na karo, sare na mfuko wa dharura wenye sifuri. Mgawane akiba mkitaka, lakini dharura isiguswe. Januari ndiyo bonde kubwa kuliko yote Nairobi, na mfuko usiokuwepo Januari hauna kazi.

Ya tatu ni mwendo wa pesa. Mtoto anazidiwa saa nne usiku, anapelekwa hospitali ya Mama Lucy, na pesa ziko kwenye mfuko wa uwekezaji ambao huchukua siku kadhaa kutoa, au benki inayohitaji saini tatu. Acheni 10,000 mahali panapofikika kwa simu, ikishikwa na watu wawili wanaoangaliana. Zilizobaki ziende kwenye akaunti yenye faida, mkikumbuka kwamba riba hukatwa kodi ya asilimia 15.

Ya nne ni mafuriko. Nasema mafuriko kwa maana yake halisi: Aprili na Mei 2024 maji yalipobeba nyumba Mathare na Mukuru, kila mwanachama wa chama cha mtaa mmoja alihitaji pesa wiki ileile. Mfuko wa watu wanaoishi ukingo mmoja wa mto hauwezi kuwabeba wote pamoja. Tafuteni chama cha mtaa mwingine muwekeane mkataba wa kuazimana, au muwe na wanachama waliosambaa. Pesa kwa simu imethibitisha nguvu ya mkono wa mbali: Tavneet Suri na William Jack walionyesha kwamba familia zilizotumia M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, zilipopatwa na pigo matumizi yao hayakushuka, huku ya wasiotumia yakishuka kwa asilimia 7 hivi. Waliotumiwa pesa walitumiwa kutoka pande nyingi na mbali.

Ya tano ndiyo inayoua mifuko mingi, nayo ni aibu. Kama mtu lazima asimame mbele ya watu 20 aeleze kwamba hana unga, hatasimama. Atakopa kwenye simu, ambayo haimuulizi kitu. Watu watatu wa kamati wapokee maombi kwa siri na wajibu ndani ya saa 24. Risiti ziletwe baadaye.

Kuhusu kuweka akiba binafsi, kuna utafiti mmoja wa magharibi mwa Kenya ambao huwa naurudia. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwapa watu sanduku la chuma lenye tundu la kuingizia pesa, kufuli na ufunguo wake. Sanduku tu! Matumizi ya watu kwa kinga za afya yaliongezeka kwa zaidi ya asilimia 60. Wengine walipewa sanduku ambalo ufunguo ulibaki kwa mtu wa mradi, na hilo halikusaidia vivyo hivyo, kwa sababu watu waliogopa kufungia pesa ambayo wangeihitaji ghafla. Kwa hiyo msifungie akiba kwa ukali mno mkidhani ndiyo nidhamu. Sanduku lilimpa mtu pia cha kumwambia shemeji anayeomba: hiyo ina kazi yake. Pamela Jakiela na Owen Ozier nao waliona wanawake wa vijijini Kenya wakikubali kupata faida ndogo ili tu kipato chao kisionekane na jamaa. Kusaidia ukoo ni desturi yetu na sitaipinga, lakini mwenye kusaidia bila kikomo huishia kuwa wa kusaidiwa. Wekeni kiasi cha mwezi cha jamaa, kama mnavyoweka cha nauli, kikiisha kimeisha.

Afya ina njia yake. Chini ya SHA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima ya afya, asiye na mwajiri hutozwa asilimia 2.75 ya kipato cha nyumba yake, isiyopungua 300 kwa mwezi, na hulipa kwa mwaka. Kwa kiwango cha chini hiyo ni 3,600 mara moja, na hapo ndipo wengi hukwama: pesa ipo kwa mwaka mzima, haipo siku moja. Serikali ilileta Lipa SHA Pole Pole mwaka 2025 kwa ajili ya tatizo hilohilo. Chama chenye akiba kinaweza kufanya kazi hiyo chenyewe: kimlipie mwanachama 3,600, naye arudishe 70 kwa wiki. Kwa wiki 52 ni 3,640. Zile 40 ziende kwenye gharama za kutuma.

Walioajiriwa wasidhani wamekingwa. Kwa viwango vya 2025, mwenye mshahara wa 30,000 hukatwa 1,800 ya NSSF ya uzeeni, 825 ya SHIF, mfuko wa bima ya afya chini ya SHA, 450 ya ushuru wa nyumba na kodi ya 731 hivi. Anabaki na karibu 26,190. Apange maisha kwa hiyo, asipange kwa 30,000 iliyo kwenye barua. Na Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote, pamoja na mikopo, yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Mhasibu wa kampuni akikuachia chini ya theluthi moja, una haki ya kuuliza.

Neno kuhusu majirani. Kulekule Rarieda, wasiopata pesa walipoona wenzao wa kijiji wametajirika, kuridhika kwao na maisha kulipungua, ingawa wao hawakupoteza kitu. Athari hiyo ilififia na muda. Katika chama, kusoma kwa sauti hisa za kila mmoja siku ya mgawo kunafanya jambo hilohilo. Kila mtu apewe karatasi yake. Jumla isomwe hadharani, mkaguzi aone zote.

Mtajuaje kama mnasaidia? Kila miezi mitatu gaweni karatasi isiyo na jina yenye maswali matatu. Leo uko kipandio kipi, 0 hadi 10? Mwezi uliopita, ni usiku ngapi hukulala kwa sababu ya pesa? Ukihitaji 5,000 ndani ya siku saba, unaweza kuipata bila mkopo wa simu na bila kuuza kitu? Andikeni idadi ya waliosema ndiyo kwa swali la tatu. Hilo ndilo litakalosogea kwanza, kipandio huchelewa. Linganisheni Januari na Januari, msilinganishe Januari na Juni, la sivyo mtajisifu kwa sababu ya kalenda.

Baadhi ya karatasi zitarudi na kipandio 0 au 1, au mtu ameandika pembeni kwamba amechoka kuishi. Waambieni wote, bila kumtafuta mwandishi, kwamba Msalaba Mwekundu wa Kenya unapokea simu bure kwenye 1199. Waambieni pia kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba, kwa hiyo hofu ya polisi isimzuie mtu kwenda hospitali.

Sasa maswali. Tuanze na safu ya nyuma, na kama mmekuja na katiba ya chama chenu, fungueni kile kifungu cha miezi mitatu mtusomee.